Kichwa Kirefu: Neno Lililochagua Fuvu la Mkwawa

Dolikosefali. Neno zito, hata mdomoni halikai vizuri. Limetoka kwenye Kigiriki: doliko ni refu, kefale ni kichwa. Kwa lugha ya mtaani, mwenye kichwa kirefu. Nalitaja kwa sababu neno hili lina mkono wake kwenye fuvu linalotunzwa Kalenga, kilomita chache tu kutoka Iringa mjini.

Kipimo chenyewe kilianzishwa na Anders Retzius, mwanaanatomia wa Sweden, miaka ya 1840. Unachukua upana wa kichwa, unaugawa kwa urefu wake kutoka kipaji cha uso hadi kisogo, kisha unazidisha kwa 100. Ikitoka chini ya 75, kichwa ni kirefu. Ikizidi 80, ni kifupi. Hesabu ya shule ya msingi. Lakini wasomi wa Ulaya waliifanya mizani ya kupangia watu madaraja, na makumbusho ya Ujerumani yakajaa mafuvu kutoka makoloni.

Mtwa Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, na Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ukaagiza fuvu likabidhiwe ndani ya miezi sita. Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda makumbusho ya Bremen, akachambua mafuvu ya Afrika Mashariki, akabakiza yale yaliyokaribiana kwa vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, kisha akachukua lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likafika Kalenga, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Hapo ndipo ninapokwama. Tayari mwaka 1912 Franz Boas alikwisha kuonyesha, kwa wahamiaji wa Marekani, kwamba umbo la kichwa cha mtoto linaweza kutofautiana na la mzazi. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kupunguza rundo, jina hakiwezi kulitaja. Sisemi fuvu si lake. Wahehe walikuwa wamekaa miaka 56 bila kichwa cha mtwa wao, na heshima wanayompa pale Kalenga haitegemei hesabu ya Retzius.

Ila nawafikiria wale wengine wa Bremen, waliopimwa siku ile wakaonekana siyo, wakarudishwa kabatini. Nao walikuwa na ndugu. Nani aliwaulizia?