Mkaribiano: jina la kinachosogezwa

Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2017, shehena iliyokuwa ikitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, kwenda kuyeyushwa ng'ambo iliitwa na wengi mchanga wa dhahabu. Machi mwaka ule serikali ikapiga marufuku usafirishaji wake, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapewa kazi ya kuyapima, na ndani ya wiki chache neno makinikia likatoka kwenye ripoti likaingia vijiweni. Si neno jepesi mdomoni. Lilishinda kwa sababu mchanga ulikuwa unadanganya. Anayesikia mchanga huona kitu cha kuzolewa kwa koleo kando ya mto. Haoni mwamba uliosagwa, ukachujwa, taka zikaachwa, kikabaki kiini chenye shaba, fedha na dhahabu. Ndani ya makinikia msikilizaji anasikia makini na kumakinika, yaani kutulia na kukusanyika mahali pamoja, na huo ndio ukweli wa kitu chenyewe. Kwa hiyo ukanda huu wa Shinyanga na Geita umeshatoa ushahidi kwamba Waswahili hawaliogopi neno geni likiwa linasema kweli. Ushahidi huo ninautaka kwa ajili ya kitu kidogo zaidi, kinachovaliwa mkononi.

Bangili za mazoezi, zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo, siku hizi mara nyingi huandikwa herufi tatu kwenye maelezo yake: NFC. Teknolojia yenyewe si changa. Nokia, Philips na Sony waliunda jukwaa la kuisimamia mwaka 2004, na Fitbit iliiweka kwenye bangili yake ya Flex mwaka 2013, ingawa kazi yake wakati huo ilikuwa ndogo: ukiisogezea simu, programu inafunguka. Mwaka 2017 Fitbit na Garmin wakaleta saa zenye uwezo wa kulipia bidhaa. Ieleweke tangu mapema kwamba NFC haipimi chochote mwilini. Mapigo ya moyo husomwa kwa msaada wa taa ya kijani iliyo upande wa chini, na hatua huhesabiwa na kitambuzi cha mwendo. NFC ni mlango tu: wa kulipa, wa kujitambulisha, wa kuoanisha bangili na simu (na neno hili oanisha, lenye ndoa ndani yake, lingestahili makala yake). Swali ni tuuite nini mlango huo. Kuna wanaosema teknolojia isiyo na waya, wengine teknolojia ya bila kugusa, wengine mawasiliano ya masafa mafupi, na kuna wanaoona tuache herufi zilivyo. Mimi natetea mkaribiano, na hoja yangu ni moja: kitu hiki kinapaswa kuitwa kwa umbali kinaoudai, si kwa waya au mguso kinaoukosa.

Mchimbaji mdogo wa Geita anaijua fizikia yake kuliko anavyodhani. Mashine ya kusakia dhahabu ardhini, ile fimbo yenye duara la koili mwishoni, hufanya kazi kwa kanuni ileile aliyoibaini Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo wa umeme unaobadilikabadilika kwenye koili huzaa uga sumaku unaobadilikabadilika; uga huo ukikutana na kipande cha metali, huzaa ndani yake mkondo mwingine, na mkondo huo hurudisha uga wake mdogo, ambao mashine huusikia na kupiga mlio. Hakuna waya kati ya fimbo na dhahabu, wala hazigusani. Hata hivyo hakuna msakaji anayetembea ameiinua fimbo usawa wa kifua. Anaiinamisha mpaka inakaribia kufagia majani, maana anajua kila sentimita inayoongezeka inamnyima kitu. Bangili na mashine ya malipo ziko hivyohivyo, ila hapa metali imebadilishwa kuwa koili ya pili yenye kumbukumbu ndani yake. Mashine hutandaza uga wenye masafa ya megahezi 13.56, kana kwamba inapiga hodi mfululizo. Kadi isiyo na betri ikifika ndani ya uga huo hupata humohumo umeme wa kuamkia, na huitikia bila kutoa wimbi lake: huutikisa tu uga wa mwenyeji, na mwenyeji akausoma mtikisiko. Bangili ina betri yake, lakini mbele ya mashine ya malipo huigiza kadi. Ukishavuka upana wa koili, kuzidisha umbali mara 2 hushusha nguvu ya uga hadi kama sehemu 1 ya 8. Ndiyo maana mawasiliano hayo hukatika baada ya sentimita 4 hivi, na koili ya bangili, iliyobanwa kwenye nafasi ndogo kandokando ya betri na metali nyingine, mara nyingi hudai ukaribu zaidi ya huo.

Sasa tuyaweke majina kwenye mizani. Isiyo na waya ni kweli, lakini ni kweli kupita kiasi. Redio haina waya, Bluetooth haina waya nayo hufika mita 10 na zaidi, mnara wa simu ulio kilimani hauna waya. Jina linalokiweka kitu cha sentimita 4 kapu moja na mnara halijamfahamisha mtu kitu. Masafa mafupi ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu kwa mtego wa ajabu ni sahihi na ni kosa kwa wakati mmoja. Masafa kwa Kiswahili ni umbali, na tena ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Wazee waliokuwa wakitafuta idhaa za nje usiku kwenye redio za betri wanayajua masafa mafupi kama yale yanayoleta sauti kutoka London au Cologne, pamoja na mita bendi zake, yaani mawimbi yasafiriayo mbali kuliko yote kwenye redio ile. Na megahezi 13.56 imo kabisa ndani ya masafa mafupi hayo. Inapakana na bendi ya utangazaji ya mita 22. Kwa hiyo anayesema bangili yake inatumia masafa mafupi, mhandisi wa redio atamwitikia, kisha atafahamu kinyume cha alichokusudia.

Bila kugusa ndilo lenye watetezi wengi, na kasoro yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwanza linaeleza kisichokuwapo. Kusoma picha ya miraba kwa kamera ya simu ni bila kugusa. Kubadilisha stesheni ya televisheni kwa rimoti ni bila kugusa. Pili, linapingana na kile mtu anachokifanya. Muuzaji anamwambia mteja "gusa hapa", na mteja anagusa kweli, kadi juu ya kioo, halafu risiti inamwambia amelipa bila kugusa. Tatu, na hili ndilo linalogharimu, linapanda hofu mahali pasipo pake. Mtu akielezwa kwamba fedha yake inaweza kutoka bila kuguswa, ana haki ya kujiuliza kama itachukuliwa akiwa amekaa kwenye basi la Kahama kwenda Geita na mwizi yuko siti ya nyuma. Wataalamu wa usalama wameonyesha kwamba antena kubwa inaweza kudukua mazungumzo hayo kutoka mbali zaidi ya sentimita 4, na kwamba vifaa viwili vya kupokezana vinaweza kuurefusha umbali kwa hila. Hofu si upuuzi mtupu. Lakini mtu anayejua kwamba ulinzi wa kwanza ni ukaribu anajua pia alinde nini: asiache mashine ngeni isogezwe kwenye mkono wake. Aliyefundishwa bila kugusa hana pa kuanzia. Gonga nalo, ambalo wengine hulipenda kwa kuwa ni fupi, linaalika nguvu isiyotakiwa. Kioo cha bangili si mlango, na mashine haihitaji kishindo, inahitaji mkono utulie kidogo.

Nasema mkaribiano kwa sababu umbo lake linatoka kwenye karibiana, vitu viwili vinavyosogeleana, na kwa sababu ngeli yake ya m- inaliweka pamoja na mfanano, mgongano na mvutano, maneno ambayo tayari yametuzoesha kuona hali ya wawili. Teknolojia ya mkaribiano, bangili ya mkaribiano, kadi ya mkaribiano: yanatamkika. Kwa tendo lenyewe sihitaji neno jipya. Sogeza linatosha. Ningefikiria karibisha, ila kukaribisha kumeshachukuliwa na wageni na chai, na bangili inayokaribishwa ingewachekesha watu kabla ya kuwafaa.

Pingamizi la kwanza ni kali, nami naliheshimu: asili ya neno haina uzito wowote kwa mtumiaji. Simu ni neno lililotoka Kiajemi, ambako sim ni fedha na uzi wa metali. Tumeliita simu jambo lisilo na waya, ndani yake tunatia laini, nayo ni mstari, na hakuna aliyepotea njia. Ni kweli. Lakini simu na laini yalikuja yakiwa yamefumba macho. Mswahili hasikii waya ndani ya simu, kwa hiyo haliwezi kumdanganya. Bila kugusa limefumbua macho yote mawili: mtoto wa darasa la pili anasikia kila sehemu yake. Neno la mkopo lisiloeleweka hubeba maana utakayolipa. Neno lililo wazi hufundisha, utake usitake, na likifundisha uongo ni lazima baadaye mtu mwingine aje kufundua. Mchanga wa dhahabu ulikuwa neno wazi kabisa.

Wengine watasema tuache NFC ilivyo, mbona ATM imekaa? Imekaa, kwa sababu ATM ni mahali: unaenda ATM, unarudi. Lakini kitu kinachofanywa na mkono hudai kitenzi, na Waswahili wasipopewa hujitengenezea. Simu zilipokuja na desturi ya kupiga na kukata kabla mwenzako hajapokea, likazaliwa kubipu, wala halikungoja kikao cha Baraza la Kiswahili. Kwa herufi tatu za Kiingereza huwezi kumwambia mama mwenye duka kule Nyankumbu, Geita, afanye nini na mkono wake. Herufi zibaki kwenye boksi na kwenye vitabu vya mafundi, kama zinavyobaki herufi nyingine nyingi.

Pingamizi lililobaki ni la anayeuliza haya yote ni ya nani. Huku watu hulipa kwa namba, kitochi cha vitufe kinatosha, na anayepanda kutoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, na kiroba cha mawe begani hahitaji bangili imweleze kwamba amefanya mazoezi. (Bangili ingemhesabia hatua zake na kuuacha uzito wa kiroba, jambo ambalo angeliona la dharau.) Nakubali kwamba kwa malipo, NFC inamkuta mwenzake ameshafika. Lakini malipo ni sehemu ndogo tu ya habari. Kadi za kusogezwa zimeshaingia Dar es Salaam kwenye kivuko cha Magogoni na milango ya Uwanja wa Mkapa kwa N-Card, na kwenye migodi ya chini ya ardhi duniani vitambulisho vya redio vimekuwa vikitumika kuhesabu nani ameshuka na nani amepanda. Hapo ndipo tofauti ya majina inapokuwa suala la roho za watu. Kifaa kinachoitwa kisicho na waya kinaweza kumpa mchimbaji imani kwamba kitamwita mwokozi kupitia mwamba. Hakiwezi. Kitambulisho cha mkaribiano kinathibitisha tu kwamba mtu fulani alipita mlangoni saa fulani, na baada ya hapo ni bubu.

Ndiyo maana pia siwaungi mkono wanaotaka kutafsiri herufi zile neno kwa neno kuwa mawasiliano ya uga wa karibu na kuliuza jina hilo madukani. Uga ni neno zuri, walimu wa fizikia wanalitumia kwa uga sumaku, nami ningependa lilindwe kwa kazi yake. Katika fizikia, uga wa karibu haupimwi kwa futikamba. Unapimwa kwa urefu wa wimbi: kwa megahezi 13.56 wimbi lina mita 22 hivi, na eneo la karibu ni kama mita 3.5; koili ndogo ndiyo inayolifinya hadi sentimita. Ukishusha masafa na kupanua koili, hesabu inageuka kabisa. Redio za waokoaji wa mapangoni aina ya HeyPhone, zilizopelekwa hata kwenye pango la Tham Luang nchini Thailand mwaka 2018, hutumia kilohezi 87 na kuzungumza kupitia mwamba wenyewe, mahali ambapo redio ya kawaida hunyamaza. Wimbi la masafa hayo ni kilomita 3.4, kwa hiyo uga wake wa karibu unafika mita 550 hivi. Wachimbaji 5 waliotolewa hai Nyangarata, wilayani Kahama, Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi, walikuwa mbali na kila simu na kila mnara. Kwa mhandisi anayebuni chombo cha kuwasikia watu kama hao, wangekuwa wamelala ndani ya uga wa karibu. Yeye tumwachie neno lake, na mwenye bangili apewe lake.