Msonge wa Bujora na maswali ya Shishiyu

Wadau, juzi nilikuwa Mwanza nikapata nafasi ya kufika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Musoma. Kama huwa unapita tu, siku moja shuka.

Mahali hapa palianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wengi huenda kutazama ngoma za watemi na habari za Bagika na Bagalu, wale mahasimu wa mashindano ya ngoma. Mimi nilikaa zaidi kwenye msonge wa nyasi, nyumba ya mtu wa kawaida. Unaingia umeinama. Ukizoea giza unaona mafiga, jiwe la kusagia mtama, vibuyu na mitungi.

Kwetu ni Shishiyu, Maswa. Misonge sikuikuta, nimesimuliwa na bibi. Anasema moshi wa mafiga ulikuwa na kazi: ulipanda kwenye paa ukafukuza wadudu, nyasi zikadumu. Ndama walilala ndani, fisi wasiwapate. Nje kulikuwa na vihenge vya nafaka, uzio wa minyaa na moto wa jioni, shikome, ambapo vijana waliwasikiliza wazee. Kaya zilikaa mbalimbali ili kila moja iwe na shamba na malisho karibu.

Sasa, nyumba hizi zilikwenda wapi? Jibu letu la haraka ni "maendeleo": bati na matofali vimekuja, nyasi zimeondoka. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iishe kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mwaka 1974 operesheni ilipamba moto mkoani Shinyanga, ambako Maswa ilikuwemo hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Kaya zilizotawanyika zikapangwa kwa mistari. Sehemu kadhaa za nchi, nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi walikotoka.

Kinachonishangaza ni hiki: miaka ya 1960 serikali ilijenga Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kuhifadhi nyumba za asili za makabila yetu. Haikupita miaka kumi, wenye nyumba za namna hiyohiyo wakaamriwa kuzihama. Nyumba ikapata heshima, mwenye nyumba hakuulizwa.

Sisemi vijiji havikuleta kitu. Shule na zahanati zilisogea, na wengi wetu tunaosoma hapa ni matunda yake. Ninachosema ni kwamba msonge wa makumbusho unatuonyesha watu walivyoishi, hautuambii walivyoondoka. Hilo wanalo wazee, na wanapungua kila mwaka.

Kama bibi au babu yako yupo, mpigie simu leo. Muulize mwaka 1974 alihama kutoka wapi, na aliacha nini ndani.