Liemba: Meli Iliyozamishwa na Mafundi Wake

Mwaka 1997, baada ya Rais Mobutu wa Zaire kuangushwa, wakimbizi waliokuwa Tanzania walianza kurudi Uvira kwa njia ya Ziwa Tanganyika. UNHCR iliwarudisha watu zaidi ya 75,000. Meli iliyotumika, Liemba, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano. Ilikuwa na umri wa miaka 84.

Ilizaliwa mbali na maji haya. Mwaka 1913 karakana ya Meyer, huko Papenburg, Ujerumani, iliiunda ikiwa na injini mbili za mvuke, ikaifungua vipande vipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walikuja nayo kuiunganisha. Ilishushwa majini Februari 1915, yenye urefu wa mita 71, ikaitwa Graf von Götzen. Götzen ndiye gavana wa Kijerumani ambaye Vita vya Majimaji vililipuka chini ya utawala wake. Jina hilo lilipofutwa baadaye, sidhani kama kuna aliyelililia ufukweni.

Utawala wa meli hiyo ziwani haukufika hata miaka miwili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta mashua mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, ambazo kwa msaada wa Wabelgiji ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikupigana nazo. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaikimbia Kigoma, amri ilitoka: izamishwe.

Hapo ndipo mafundi walipoonyesha ufundi wao. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, kisha wakaiteremsha taratibu kama mtu anayeweka akiba. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, walikuta injini zake zinafaa kutumika. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake kwa miaka minane.

Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Injini za Papenburg ziliendelea kuzungusha rafadha zake hadi miaka ya 1970, zilipong'olewa na kuwekwa za dizeli.

Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, zikaja injini za MAN. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa malori, ila ni katika karakana yake ya Augsburg ambamo Rudolf Diesel, kuanzia 1893, alijaribu injini iliyobeba jina lake mpaka ikakubali mwaka 1897. Basi Ujerumani ikarudi ndani ya meli ile, safari hii bila mizinga.

Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani. Liemba ilitumwa kuwapeleka Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Kijijini hapakuwa na gati, kwa hiyo ilitia nanga mbali na ufuko, na abiria wakaifuata kwa mitumbwi.