Mbwa Mtoni, Mume Mlangoni

Wiki hii nawapeleka London, kwenye Mto Thames, mwanzoni mwa mwaka 1968. Hapo mtoni ilikuwa imetia nanga meli ya starehe iliyokodiwa kwa fedha nyingi. Msidhani ndani yake alikaa mfalme au tajiri wa mafuta. Waliokaa humo walikuwa mbwa, mali ya wacheza sinema wawili mashuhuri waliokuwa mtu na mkewe, Richard Burton na Elizabeth Taylor.

Kwa nini mbwa wakae melini? Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilisema kwamba mbwa au paka yeyote atokaye ng'ambo lazima afungiwe karantini miezi sita kabla hajaruhusiwa kukanyaga nyumba ya mwenyewe. Lakini mbwa aliyebaki melini alikuwa hajashuka nchini. Basi wale mabwana na mabibi wa sinema wakakodi meli, mbwa wakabaki majini, na wenyewe wakawa wanapanda kwenda kuwaona. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Sasa tuuache mto, tuje huku kwetu. Katika majuma yale yale, uwanja wa ndege wa Embakasi mjini Nairobi ulikuwa umejaa watu wenye asili ya Bara Hindi, mume, mke, watoto na masanduku, kila mmoja akitafuta kiti cha ndege ya kwenda London. Wengi wao walizaliwa Afrika Mashariki na mikononi walikuwa na pasi za Uingereza. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimewabana wale ambao hawakuchukua uraia wa nchi, nao wakaamua kwenda kwenye nchi iliyowapa pasi.

Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ilipoona idadi yao inapanda, ilipeleka muswada Bungeni na kuupitisha Bunge zima kwa siku tatu tu. Ikawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Tangu siku hiyo, pasi ya Uingereza peke yake haikutosha tena. Ilibidi mwenye pasi awe na mzazi au babu mwenye mizizi katika visiwa vile. Wasiokuwa nayo wakawekewa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mbwa wa wacheza sinema wakingoja katikati ya London, na raia wakingojeshwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Sisemi haya ili niwacheke mbwa, wala ili niibeze karantini. Karantini ile ilikuwa na sababu, na ni haki tuieleze kwanza.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa usio na mzaha. Dalili zikishamtokea mtu, dawa ya kumponya karibu haipo. Kinga ipo, nayo ni chanjo, tangu Mfaransa Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwezi Julai 1885. Lakini kinga hiyo humfaa aliyeiwahi. Uingereza iliamua kuutokomeza ugonjwa wenyewe. Mwaka 1897 serikali ikaamuru mbwa wafungwe vifunika mdomo, wenye mbwa wakanung'unika sana, ila kufikia mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha visiwani. Karantini ya miezi sita ikawa ndiyo komeo la mlango.

Komeo hilo lilijaribiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Askari waliorudi kutoka Ulaya walificha mbwa waliokuwa wamewazoea vitani, na mwaka 1918 kichaa kikaingia tena. Ilichukua mpaka mwaka 1922 kukimaliza. Kisha mwaka 1969, katika mji wa Camberley, mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani alipata kichaa siku chache tu baada ya kumaliza miezi yake sita ya karantini. Taifa zima likashtuka, na mwaka 1974 ikatungwa sheria kali zaidi.

Kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja, mtu aliyehamia Uingereza na mnyama wake alijua gharama yake: miezi sita ya banda, chakula na daktari, vyote juu ya mwenye mnyama. Maofisa wa kikoloni walioondoka Tanganyika na Kenya wakati wa uhuru waliijua hesabu hiyo vizuri. Ndiyo maana wengine waliwaachia mbwa wao majirani au watumishi, na wengine wakamwita daktari wa mifugo kwa sindano ya mwisho. Kuja huku kulikuwa rahisi kuliko kurudi. Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmaki, alishuka Mombasa mwezi Januari 1914 kuja kufunga ndoa, na mbwa wake aliyepewa kama zawadi ya harusi alikuja naye. Mbwa huyo aliuawa na punda milia miaka michache baadaye. Blixen alipofilisika na kuondoka Kenya mwaka 1931, ndoa yake ilikuwa imekwisha vunjika, na mbwa aliokuwa nao wakati huo aliwagawa kwa marafiki.

Tukirudi kwa wanadamu, mambo hayakuishia mwaka 1968. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Familia iliruhusiwa kutoka na fedha kidogo tu, kama paundi 50 hivi. Mtu wa namna hiyo hana ubavu wa kulipia karantini ya mbwa. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa la ndoa. Katika nyumba moja mke aliweza kuwa na pasi ya Uingereza na mume hana uraia wa nchi yoyote. Mke akapanda ndege ya London, mume akapelekwa kwenye kambi za Umoja wa Mataifa, Austria au Italia, akingoja nchi itakayomtaka. Kwa macho ya sheria za wakati ule, mkuu wa familia alikuwa mume, na mke hakuweza kumvuta mume.

Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa maoni yake juu ya malalamiko ya Waasia wa Afrika Mashariki kuhusu sheria ya 1968. Ilisema kwamba kuwabagua watu hadharani kwa rangi zao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Miongoni mwa walalamikaji walikuwamo wanaume waliokuwa wamezuiwa kuungana na wake zao. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya wanawake watatu walioishi Uingereza ambao waume zao walinyimwa ruhusa ya kukaa nao, mmoja wao akiwa mzaliwa wa Malawi. Mahakama ikasema kuwapa wanaume nafasi ya kuwaleta wake zao na kuwanyima wanawake nafasi hiyo ni ubaguzi wa jinsia. Na unajua serikali ilifanyaje? Ilisawazisha kwa kukaza pande zote. Mume na mke wote wakatakiwa kuthibitisha kwamba ndoa yao haikufungwa hasa kwa ajili ya kuingia Uingereza. Hebu jiulize, msikilizaji, utathibitishaje mbele ya karani kwamba ulioa kwa mapenzi? Kipimo hicho kilifutwa mwaka 1997.

Karibu na wakati huo, mbwa nao walipata ukombozi wao. Sayansi ilikuwa imesonga mbele. Mwaka 2000, tarehe 28 Februari, Uingereza ilianza utaratibu mpya kwa wanyama kutoka baadhi ya nchi: mnyama anawekewa chipu ndogo chini ya ngozi ili ajulikane ni yeye, anachanjwa, kisha damu yake inapimwa kuona kama kingamwili zimefika kiwango. Akifaulu, hafungiwi. Kwa maneno mengine, serikali iliacha kumshuku kila mbwa kwa sababu tu anatoka ng'ambo, ikaanza kumpima mbwa mmoja mmoja.

Nimeyakumbuka haya yote kwa ajili ya barua ya msikilizaji wetu mmoja, mwanamke aliyeolewa, mwajiriwa wa hapa nchini. Alipata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko Uingereza. Alitaka kwenda na mumewe, na pia paka wao waliyemlea tangu akiwa kinda la kuokota. Ndugu walimcheka kwa habari ya paka, naye akaniandikia kuuliza kama ni kweli paka anaweza kusafiri. Habari ya mume hakuiuliza. Alidhani hiyo haina tatizo.

Nilifanya kazi yangu ya uandishi, nikauliza na kusoma. Jibu la paka ni hili: anaweza. Kwa kuwa Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizopewa nafuu, atawekewa chipu, atachanjwa, zitapita siku 30, atatolewa damu, damu itapimwa kwenye maabara inayotambuliwa, kisha atangoja miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Baada ya hapo anapanda ndege kama mzigo, kwa njia iliyoidhinishwa. Mbwa huongezewa dawa ya minyoo tegu kabla ya kufika. Ni safari ndefu na ya gharama, lakini ina mwisho unaoonekana.

Jibu la mume ndilo lililonitia simanzi. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mwenzi wake wala watoto. Kuanzia tarehe 11 Machi mwaka huo huo, mfanyakazi wa kulea wazee na wagonjwa aliyeingia kwa viza ya kazi hiyo naye hakuweza kufuatana na familia. Na anayekaa huko ambaye anataka kumleta mke au mume, tangu Aprili 2024 anatakiwa kwa kawaida awe na kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka. Dada yule angeweza kwenda na paka, mume akabaki. Alinijibu kwa sentensi moja: paka na mume watabaki pamoja, angalau watunzane.

Mtu ataniambia kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Ni kweli, na hata wakubwa hawana budi kuheshimu. Mwaka 2015 mcheza sinema Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, waliingiza Australia mbwa wawili wadogo kwa ndege ya binafsi bila kuwaandikisha. Waziri wa Kilimo akatishia kuwaua wale mbwa wasipoondolewa, na mwaka uliofuata mama huyo alikiri mahakamani kosa la kujaza hati isiyo sahihi. Australia ilikuwa sawa, maana haina kichaa cha mbwa na inataka ibaki hivyo.

Tena sisi tusiwe wa mwisho kulielewa hilo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakoma. Anayelalamika kwamba paka wake wa Dar es Salaam anangoja miezi mitatu, na mbwa wa mtaani kwake hajachanjwa hata mmoja, aanze kulalamikia mtaani.

Wala tusijifanye kwamba milango ya wengine tu ndiyo mibovu. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 ilipoandikwa, ilimwekea njia yake mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haikumwekea. Nyani haoni kundule.

Hoja yangu ni moja. Mnyama anaulizwa swali linalojibika: una ugonjwa au huna? Akijibu kwa damu yake, anapita. Mwenzi wa ndoa anaulizwa ulizaliwa wapi, babu yako nani, mwenzako analipwa kiasi gani, na kwa wengine haulizwi kitu kabisa, mlango umefungwa tu. Iliwachukua Waingereza karibu karne nzima kutoka kwenye kumfungia kila mbwa hadi kumpima mmoja mmoja. Waliweza kwa sababu wapenda mbwa walipiga kelele bila kuchoka, na kwa sababu wataalamu walipewa nafasi ya kuonyesha njia nyingine yenye usalama ule ule. Wenye ndoa nao wanastahili kelele hiyo, na watu wa kuipiga kelele hiyo tupo pia huku tunakoachwa.

Tukutane wiki ijayo.