Tabaka za Udongo

Achimbaye shimo la mbuni huziona tabaka za udongo. Mwaka 1883 Dokuchaev, mtaalamu wa Urusi, alizipa herufi: A, udongo wa juu wenye mboji, B, wa katikati, C, mwamba uliovunjikavunjika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani, Tanganyika, alieleza ya kuwa udongo hubadilika kwa utaratibu toka kileleni hata bondeni. Mfuatano huo akauita katena, yaani mnyororo. Tabaka A ndiyo ilishayo mimea, nayo ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na mvua. Miaka kumi mizani yetu imepima kila kilo ya kahawa. Udongo uliokwenda na mto hakuna aliyeupima. Basi tuchimbe makinga maji kabla ya masika.