Upangaji wa Vifaa vya Mitambo na Umeme katika Gari la Rali la Ridhaa

Upangaji wa vifaa katika gari la mashindano ni kazi ya kuamua kila kifaa cha mitambo au cha umeme kikae wapi, kishikwe na nini, kitenganishwe na nini, na kifikiwe na nani. Kazi hii si ile ya kuongeza nguvu za injini, wala si ile ya kuchomelea keji, yaani fremu ya mabomba inayowakinga watu gari likibiringika, ingawa zote hufanyika katika gereji moja na mara nyingi kwa mikono ya fundi mmoja. Gari linaloelezwa hapa ni gari la rali la ridhaa kama lijulikanavyo Afrika Mashariki: gari la kawaida la barabarani, aghalabu Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, lililovuliwa mazulia na viti vya nyuma, likatiwa keji, kisha likakabidhiwa dereva na msoma ramani wake. Desturi ya kushindana kwa magari ya kawaida ni ya zamani katika eneo hili. Safari Rally ilianza hivyo mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kiwandani, gari hupangwa kwa kuzingatia gharama, utulivu, nafasi ya abiria na wepesi wa kuliunganisha. Betri huwekwa kando ya injini kwa kuwa hapo waya wa stata huwa mfupi. Kubiringika kwa gari hakukufikiriwa sana. Gari la rali hupangwa kwa swali jingine: kifaa hiki kikipasuka, kikikatika au kikichomoka, kitamwagikia nini, kitaangukia nini, kitagusa nini? Kwa hiyo mahali pa kifaa ni sehemu ya usalama wake sawa na ubora wake. Pampu ghali ya petroli iliyofungwa juu ya ekzosi ni hatari kuliko pampu ya kawaida iliyofungwa upande wa pili wa ukuta wa chuma.

Kanuni zinazotawala jambo hili ni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lililoundwa mwaka 1904, na hupatikana katika Kiambatisho J, hasa kifungu cha 253 kinachohusu vifaa vya usalama. Vyama vya kitaifa huzifuata, na kwa mashindano ya ngazi ya klabu huweza kuzilegeza. Kulegezwa kwa kanuni hakupunguzi ukali wa petroli, hivyo vipimo vinavyotajwa hapa vinafaa kuchukuliwa kuwa kiwango cha chini hata pale mkaguzi asipovidai.

Vifaa hugawanywa kwa aina ya hatari vinayobeba. Vipo vinavyobeba kiowevu kinachowaka, vinavyotoa joto, vinavyobeba umeme, vinavyozunguka, na vile ambavyo hatari yake ni uzito tu. Mpaka kati ya makundi haya hauko wazi daima. Betri ni nzito, inabeba umeme, na ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Tabochaja, yaani kipulizo cha hewa kinachozungushwa na moshi wa injini, ni moto, inazunguka, na inalishwa oili kwa paipu nyembamba. Vifaa vya namna hii, vilivyo katika makundi zaidi ya moja, ndivyo hupangiwa mahali kwanza. Vingine hufuata nafasi iliyobaki.

Gari nalo hugawanywa katika kanda nne: chumba cha injini, chumba cha watu, buti, na eneo la chini ya sakafu. Kanda tatu za kwanza hutenganishwa na viambaza, yaani kuta za bati zinazotakiwa kuzuia kiowevu na moto. Kiambaza cha mbele cha gari la kawaida kimejaa matundu: ya nyaya, ya kebo, ya usukani, na yale mawili makubwa yanayobaki hita inapoondolewa. Tundu moja lenye upana wa kidole gumba hubatilisha ukuta mzima, kwa kuwa petroli inayowaka hufuata njia iliyo wazi. Kipimo cha kiambaza ni rahisi na hakidanganyi. Usiku, taa za gereji zikizimwa, tochi yenye nguvu huwekwa ndani ya chumba cha injini na boneti hufungwa. Mtu aliyelala sakafuni mbele ya viti huona kila nukta ya mwanga, na kila nukta ni tundu la kuzibwa kwa bati lililofungwa kwa ribiti au kuchomelewa. Povu la kuziba nyufa za madirisha, linaloonekana katika magari mengi, huungua na halihesabiwi.

Mfumo wa petroli una tenki, pampu, filta, paipu na reli ya injekta. Tenki la asili la Impreza liko chini ya kiti cha nyuma, mbele ya ekseli, mahali pazuri kwa kuwa mgongano wa nyuma hulifikia mwisho. Tenki la mashindano lenye daraja la FT3 ni mfuko wa mpira ulioimarishwa na kujazwa sponji ya kuzuia mlipuko. Uhai wake ni miaka 5 tangu kutengenezwa, na mtengenezaji akilikagua huweza kuongeza miaka 2. Likiwekwa ndani ya buti, kiambaza cha pili hulazimika kuwepo kati yake na watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kutuama penye kina, kwa hiyo sakafu chini ya tenki huwekewa tundu la kutokea nje. Betri, rilei na kifaa chochote chenye kutoa cheche hakiwekwi kwenye kina hicho. Wengi hufunga betri na tenki pamoja ndani ya buti ili kusawazisha uzito. Uzito husawazika, lakini pasipo sanduku na kizuizi kati yao upangaji huo unakusanya cheche na mvuke mahali pamoja.

Paipu za petroli zinaruhusiwa kupita ndani ya chumba cha watu kwa sharti moja: zisiwe na maungio humo, isipokuwa kwenye viambaza vyenyewe. Paipu laini hutakiwa kuhimili shinikizo la baa 70 katika joto la nyuzi 135. Njia ya ndani ni bora kwa barabara za mawe, kwani paipu iliyo chini ya sakafu hupigwa kokoto katika kila kilomita. Paipu za maji ya kupoza injini na za oili ya kulainisha hazipewi ruhusa hiyo. Hukaa nje ya chumba cha watu kabisa. Pampu ya petroli nayo huunganishwa ili ifanye kazi injini ikiwa inazunguka au inawashwa tu. Gari likipinduka na injini kuzimika, pampu inayoendelea kusukuma humwaga tenki lote.

Chanzo kikuu cha joto ni njia ya moshi. Moshi unaoingia tabochaja ya injini ya petroli hufikia nyuzi 900 hivi, na kuta za vyuma vyake huiva hadi kuwa vyekundu. Katika Impreza, tabochaja iko nyuma ya injini upande wa kulia. Katika gari la usukani wa kulia, ambalo ndilo letu, masta silinda ya breki iko upande huohuo. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, na ikishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Oili ikichemka hutengeneza viputo, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kinga yake ni bati jembamba lililosimamishwa kati ya tabochaja na masta silinda, likiachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili. Bati lililogusana na kifaa linachokikinga hukipelekea joto badala ya kulizuia. Paipu zote za breki na klachi hupimwa kwa jicho hilohilo, na kitambaa cha kufunga ekzosi huongezwa juu ya bati, si mahali pake.

Betri inastahili maelezo marefu. Kiwandani imeshikwa na chuma kimoja na boli mbili nyembamba, na hiyo inatosha barabarani. Mgongano wa rali ni jambo jingine: kanuni hutaka mishiko ya mitungi ya kuzimia moto ihimili mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na kwa kipimo hicho betri ya kilo 16 huvuta kama mzigo wa kilo 400. Betri ikihamishwa, hukalishwa juu ya kitako cha chuma, hushikwa na mikanda miwili ya chuma iliyovikwa kihami, na hufungwa sakafuni kwa boli zenye kipenyo kisichopungua milimita 10. Chini ya sakafu, kila boli huwekewa bamba lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 20, kwa sababu washa ya kawaida huzama katika bati na boli hutoka na kipande cha sakafu. Betri yenyewe hufunikwa kwa sanduku la plastiki lisilovuja, lenye mshiko wake lenyewe. Betri ya maji iliyo ndani ya chumba cha watu huongezewa bomba la kutoa gesi nje. Lancer Evolution X ilitoka kiwandani betri ikiwa ndani ya buti, jambo linalopunguza kazi. Mshiko wake wa kiwandani hata hivyo bado ni wa barabarani.

Swichi kuu ni kifaa cha kukata umeme wote wa gari na kuzima injini kwa tendo moja. Sifa hizo mbili ni tofauti, na kuzichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. Swichi ya ncha mbili hukata betri peke yake. Alternata, ikiwa inazunguka, huendelea kulisha koili, na injini hunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Swichi ya mashindano ina ncha sita. Mbili nene ni za betri. Jozi moja nyembamba hufunguka pamoja na zile nene na kukata umeme wa koili. Jozi ya pili hufanya kinyume: hujifunga wakati huohuo na kupitisha mabaki ya umeme wa alternata kwenye kikinza cha omu 3 na wati 11, yaishie kwenye bodi ya gari. Bila kikinza hicho, volti hupanda ghafla na kuunguza diodi za alternata au kompyuta ya injini. Injini ya dizeli isiyo na injekta za umeme haizimiki kwa kukatiwa umeme, kwa hiyo swichi yake huunganishwa na kifaa cha kuziba njia ya hewa.

Swichi kuu hufikiwa na watu watatu: dereva na msoma ramani wakiwa wamefungwa mikanda, na mtu aliye nje. Kwa huyo wa tatu, kivutio cha kebo huwekwa chini ya kioo cha mbele, na kando yake hubandikwa pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na radi nyekundu, kitako chake kikiwa sentimita 12 au zaidi. Kivutio cha mtungi wa kuzimia moto huwekewa herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe. Katika njia zetu za mashambani mtu wa kwanza kufika kwenye gari lililopinduka mara nyingi ni mtazamaji asiyejua kanuni yoyote, na alama hizo ndizo pekee zitakazomwelekeza. Kuzipaka rangi ya gari ili zisiharibu mwonekano ni kosa lisilovumilika.

Nyaya hupangwa kwa kanuni ya kukwepa: hazipiti njia moja na petroli, hazilazwi juu ya ukingo wa bati bila kipete cha mpira, wala hazipitishwi kati ya bomba la keji na bodi, mahali panapobanwa gari likilalia paa. Ndani ya mabomba ya keji hakuruhusiwi kupita kitu chochote. Fyuzi ya waya mnene hukaa karibu na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina ulinzi. Katika Impreza nyingi kompyuta ya injini imelazwa sakafuni mbele ya kiti cha kushoto, chini ya zulia, yaani palepale msoma ramani anapokita miguu na maji ya mto yanapoingia kwanza. Huinuliwa, au hufunikwa kwa bamba gumu lenye kizuia maji. Mdomo wa kuvutia hewa nao hupandishwa juu kwa ajili ya mito na vumbi laini kama lile la Naivasha, ambako Safari ya ubingwa wa dunia ilirejea mwaka 2021.

Kinachozunguka hukingwa kwa chuma. Propela shafti hupitishwa ndani ya pete ya chuma iliyofungwa sakafuni, ili ikikatika mbele isichimbe ardhi na kulirusha gari. Vilivyo vizito tu, yaani tairi la akiba, jeki na sanduku la spana, hufungwa kwa mishiko ya chuma au mikanda yenye bamba chini ya sakafu. Kamba za mpira hazishiki kitu gari linapobiringika.

Ukaguzi wa upangaji huanza kwa alama ya rangi inayochorwa kutoka kichwa cha boli hadi kwenye bati, kwani boli iliyolegea huonekana kwa mstari uliokatika. Huishia kwenye swichi kuu. Injini hupandishwa hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha mtu aliye nje huvuta kebo. Injini ikiendelea kunguruma, umeme wa koili haukupitishwa kwenye ncha nyembamba za swichi, na gari hurudi kwa fundi.