Poker ya Mtaa: Vile Utamchapa Msee wa Fujo Mkiwa Wawili Tu

Huyo msee unamjua. Kila base iko na mmoja. Kadi ya kwanza ikigeuzwa tu, anakulisha 2. Unaokota. Anakulisha 3. Unaokota tena. Halafu anarusha Joka na kelele juu, wasee wa boda wanacheka, na wewe umejaza kadi kwa vidole ka noti za makanga saa ya jioni.

Hapa Ruring'u mchezo hunoga Julai. Ukungu umeshuka, abiria hakuna, kitu imebaki ni chai na kadi. Wasee wakienda mmoja mmoja mnabaki wawili, na hapo ndio msee wa fujo huona amepata chakula. Leo tunakupea dawa yake.

Kwanza, tunabonga poker gani?

Kenya ukisema "poker" watu wengi hawafikirii ile ya kasino. Wanafikiria kadi, ile ya kufuatisha rangi ama namba mpaka umalize mkono. Pakiti iko na kadi 54 ukihesabu Joka 2. Zimegawanyika hivi:

- Za kulisha ni 10: 2 ziko nne, 3 ziko nne, na Joka mbili. 2 inakuokotesha mbili, 3 tatu, Joka tano.
- A ziko 4. Ukilishwa, A inazuia. Ukiitupa bila kulishwa, unaitisha rangi unataka: maua, roho, daimondi ama spedi.
- Za maswali ni 8: 8 nne na Q nne. Ukiuliza lazima ujijibu na kadi ya rangi hiyo. Huna jibu, unaokota.
- J ziko 4 na K ziko 4. J inaruka mtu, K inageuza mchezo.
- Za majibu ni 24: 4, 5, 6, 7, 9 na 10.

Kumaliza, lazima useme "niko kadi" zamu moja kabla, na umalize na kadi ya jibu. Huwezi maliza na 2, 3, Joka, A, J, K, 8 ama Q. Shika hiyo, ju ndio itamuua huyo jamaa.

Kila base iko na sheria zake ndogo ndogo. Kuna kwenye adhabu zinajumlishwa, kuna kwenye inahesabiwa ya mwisho tu. Kuna kwenye A ya spedi ina nguvu ya A mbili. Ulizeni kabla kadi zigawanywe. Msee wa fujo hupenda sheria ikiwa haijulikani, ndio aitunge saa amekwama.

Mkiwa wawili, mchezo unabadilika

Mkiwa watano, ukilishwa unaweza kupitisha kwa jirani. Mkiwa wawili hakuna jirani. Kila 2 yake ni yako.

Lakini pia J na K zinabadilika. Ukimruka, zamu inarudi kwako. Ukigeuza mchezo, base nyingi zinahesabu imerudi kwako pia, labda azuie na yake. Kwa hivyo J ya roho, K ya roho na 6 ya roho si kadi tatu za kawaida. Hiyo ni njia ya kutoka na kadi tatu bila yeye kugusa mchezo. Usizitupe mapema ju tu zimeingiana. Zipange.

Na ukigawa kadi nne nne, nane zimeenda, moja iko mezani, 45 zimebaki kwa rundo. Kadi nyingi hamjaziona bado. Mwenye anaokota ndio anaziona.

Makosa yenye wengi hufanya

Ukilishwa 2 na uko na A, mkono unawasha. Unaitupa, unazuia, base inashangilia. Umeokoa kadi mbili. Lakini umetumia A kuzima kitu ndogo, na A ikitumika kuzuia, kwa base nyingi haiitishi rangi.

Sasa songa mbele dakika tano. Jamaa amebaki na moja. Anasema, "Niko kadi." Huna A. Huna kitu ya kubadilisha rangi. Umekaa tu ukimwangalia akimaliza.

Ndio maana tunasema hivi: kuokota mbili hakuui. Kukosa A saa amesema niko kadi ndio kunaua. Mwenye anakushambulia mapema anataka utumie kinga yako mapema. Mnyime.

Cheki mfano

Mezani kuna 6 ya roho. Wewe uko na A ya daimondi, 9 ya roho, 5 ya maua na 3 ya spedi. Yeye anaanza, anatupa 2 ya roho. A unayo, lakini unaokota mbili. Anatupa 3 ya roho juu yake. Unaokota tatu. Sasa uko na kadi tisa, yeye amebaki na mbili, na ametulia ka mtu amelipwa. Hajasema niko kadi, so hizo mbili haziwezi kutoka pamoja zamu ijayo.

Halafu zamu yake inarudi: anaangalia mkono, anaokota. Ameshakuambia kila kitu. Hana roho, na hana 3 ingine. Wewe unatupa 9 ya roho. Anaokota tena. Alikuwa na mbili, sasa ako na nne, na risasi zake mbili ziko mezani.

Kutoka hapo usitoke kwa roho mpaka ukose. Kati ya kadi tano ulizookota, kukiwa na 10 mbili ama 7 mbili, base nyingi zinakubali uzimwage pamoja. Mkono wako unashuka haraka kuliko vile ulipanda. Na siku atasema niko kadi, bado unayo A. Unaitupa, unaitisha rangi yenye umemwona akikosa.

Sheria tano za kumaliza msee wa fujo

1. *Hesabu mpaka kumi.* Kadi za kulisha ni 10 tu. Zikitoka sita, zimebaki nne, na zingine uko nazo. Rundo likiisha na kuchanganywa upya, anza kuhesabu tena.

2. *Okota vidogo, zuia vikubwa.* 2 mezani na jamaa ako na kadi nne, okota. Joka na amebaki na moja, hapo tumia A bila kufikiria mara mbili.

3. *Angalia chenye anaokotea.* Kila rangi yenye ameshindwa kufuatisha, iweke kwa kichwa. Hiyo ndio utaitisha.

4. *Weka za kulisha mpaka aseme niko kadi.* Yeye hurusha zake mwanzoni ju zina kelele. Zako zitumie saa amebaki na moja. Kumlisha tatu hapo ni kumrudisha nyumbani.

5. *Linda majibu yako.* Mwenye amebaki na 2 na Q hawezi maliza. Beba angalau jibu mbili za rangi tofauti mpaka mwisho.

Na ile ya kasino?

Texas Hold'em ya wawili inafuata akili hiyo hiyo. Kuna msee anaongeza dau kila mkono. Swali ni, anapata wapi kadi nzuri kila saa? Kupata pea kwa kadi mbili za kwanza ni mara moja kwa 17. Na kadi mbili zisizo pea hupata pea ama zaidi kwa kadi tatu za kwanza za mezani karibu mara moja kwa tatu. Kwa hivyo mara nyingi anapiga kelele tu na hana kitu.

Usimdanganye, ju mtu hajui kukunja hadanganyiki. Ukiwa na mkono wa maana, tulia, mfuate, wacha aendelee kuweka chipsi mwenyewe. Mkiwa wawili, mgawaji ndio huweka dau dogo, na baada ya kadi za mezani kuanza kufunguliwa yeye ndio anaongea wa mwisho. Hapo ndio mahali pazuri pa kumtegea.

Ya mwisho ni ya doo

Sasa hii tuambiane ukweli. Fujo yake haiko kwa kadi, iko kwa kichwa yako. Anataka damu ichemke, uanze kucheza ka yeye. Usiku moja nilipoteza doo ya kula wiki mzima kwa meza ya wawili. Jamaa hakuwa mkali. Mimi ndio nilitaka kumrudishia, na kila raundi nilisema ni ya mwisho.

Chezea chai. Chezea smokie. Ikiwa ni lazima pesa iingie, panga kabla ya kukaa ni ngapi ikiisha unasimama, na simu ya M-Pesa ikae kwa mfuko. Na ujue kucheza kamari kwa umma bila leseni ni kosa Kenya, so usilie karao wakifika.

Kesho akikurushia 2, mwangalie, okota pole pole, panga kadi zako. A iko pale mwisho wa mkono. Wacha aimbe.